Kuomba kazi ya ufundi Ujerumani ukiwa bado nyumbani: nilikosea wapi na karatasi gani zilinitoa

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Huu uzi nimeusogeza mbele tangu mwaka jana, kila nikikaa kuandika naitwa shifti. Leo nina mapumziko siku mbili, mvua inapiga dirishani na chai ipo mezani, acha niushushe wote. Ni mrefu, mwenye haraka arudi jioni.

Mimi ni fundi umeme wa viwandani. Diploma ya miaka 3, NTA level 6 (ngazi za vyeti vya ufundi vya Tanzania), chuo cha serikali hapo nyumbani, halafu miaka 6 kiwanda cha saruji Tanga. Saivi nipo Ujerumani, mji mdogo karibu na Heilbronn, huku kusini Baden-Württemberg, kampuni ya wafanyakazi kama 90 hivi inayochonga vipuri vya mashine. Sikuletwa na ajenti, sina shangazi Ulaya, wala sikuja kusoma kwanza. Kazi niliiomba nikiwa chumbani kwangu Chumbageni na bando la usiku.

Naandika kwa sababu kila wiki naletewa meseji PM "kaka nirushie linki ya kazi". Ndugu zangu, linki siyo tatizo. Kazi zimetangazwa wazi, tovuti ya serikali yao Make it in Germany ipo, ya shirika lao la ajira Bundesagentur für Arbeit ipo, bure kabisa. Tatizo letu ni kwamba mwajiri akifungua karatasi zetu hajui anaangalia kitu gani. Wala hajakukataa, hajakuelewa tu, na ana barua nyingine 20 za kusoma kabla ya saa 10 jioni.

Mimi hilo lilinichukua mwaka na nusu kulielewa. 2021 hadi katikati ya 2022 nilituma maombi 140 na ushee, niliyahesabu kwenye daftari. CV moja ya Kiingereza kwa wote, juu nimeandika mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi kwenye presha, chini vyeti nimevirundika. Majibu niliyopata ni mawili na yote ya kompyuta, asante tumepokea. Nilifika mahali nikaamini hawataki Waafrika basi, nikaacha.

Kilichonigeuza ni mhandisi mmoja Mjerumani aliyekuja pale kiwandani kufunga giaboksi mpya ya kinu. Tulikaa naye wiki tatu, mimi ndo nilikuwa namshikia upande wa umeme. Siku ya mwisho nikamwonyesha CV yangu kwenye simu. Akaisoma taratibu mpaka mwisho halafu akaniambia, mimi nimekuona ukifanya kazi kwa hiyo najua unaweza nini, lakini kwenye hii karatasi wewe haumo, na hii NTA ni kitu gani? Nikamweleza. Akasema kwao fundi umeme wa kiwandani amesoma miaka mitatu na nusu, sehemu darasani na sehemu kubwa kazini, akafanya mtihani wa chemba ya viwanda, na kila mwajiri akiona jina la ile fani anajua huyu mtu anaweza kufungua paneli au hawezi. Wewe hujampa chochote cha kukulinganisha nacho.

Hapo ndo nikaanza upya, na nilianza na vitu viwili kabla ya kutuma hata imeili moja: lugha na utambuzi wa cheti.

Lugha kwa ufupi maana inajulikana. Nilianza A1 (ngazi ya mwanzo) Agosti 2022, nikamaliza B1 (ngazi ya kati) mwishoni mwa 2023, mtihani nikafanyia Goethe, taasisi ya Kijerumani pale Upanga, Dar. B1 ina sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, kila moja unatakiwa upate asilimia 60, na ukifeli moja unarudia hiyo hiyo tu. Mimi nilifeli kusikiliza mara ya kwanza. Nilikuwa nasoma saa 10 alfajiri kabla ya gari la kiwanda halijapita. Mtu anayekwambia kazi za ufundi hazihitaji Kijerumani hajawahi kuwa kwenye karakana ya huku, ndugu, mwenzako akikupigia kelele usiguse ile kebo inabidi uelewe hapo hapo.

Sasa utambuzi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo moyo wa uzi.

Wajerumani wanaita Anerkennung. Unapeleka vyeti vyako kwenye ofisi inayohusika, wanachukua mtaala wako na kazi ulizofanya, wanaulinganisha na fani yao moja unayoitaja wewe, halafu wanakupa barua rasmi: inalingana yote, inalingana nusu, au hailingani. Kwa fani za viwanda na biashara ofisi ni IHK FOSA, ipo Nürnberg, inashughulikia karibu nchi nzima. Kwa fani za mafundi wa mitaani kwa maana ya umeme wa majumba, mabomba, useremala, hizo ni Handwerkskammer, chemba ya mafundi ya eneo unalotaka kwenda. Mwenye digrii ya chuo kikuu anaenda ZAB, anapewa tathmini ya shahada kwa euro 208, na kabla ya hapo aangalie chuo chake kwenye kanzidata ya anabin kama kina alama ya H+, yaani kinatambuliwa. Ukikosea ofisi unapoteza miezi.

Ada ya IHK FOSA wakati wangu ilikuwa kati ya euro 100 na 600 kulingana na ugumu wa faili lako. Ukikamilisha karatasi zote wana miezi mitatu kukujibu. Neno "zote" ndo lenye kazi.

Mimi nilichagua fani ya Elektroniker für Betriebstechnik, yaani fundi umeme wa mitambo ya kiwandani. Nikapeleka cheti, transkripti, cheti cha kuzaliwa, na barua ya mwajiri. Ile barua ya utumishi naikumbuka neno kwa neno kwa sababu ilikuwa na mistari mitatu: fulani ni mfanyakazi wetu tangu tarehe fulani, cheo chake ni fundi umeme, barua hii imetolewa kwa maombi yake. Muhuri. Baada ya wiki tano wakanijibu kwamba kutoka kwenye transkripti wanaona mapengo sehemu tano, na uzoefu wa kazi unaweza kuyaziba lakini barua niliyoleta haionyeshi nilikuwa nafanya nini. Wakanipa muda niongeze.

Wakuu, nilikaa na hiyo barua kwenye ngazi za nyumba nikajiuliza miaka 6 yote imeandikwa wapi? Haikuandikwa popote. Nimefunga mota za kilowati 200, nimebadilisha kontakta usiku wa manane, nimehama na mfumo mzima kutoka paneli za rilei kwenda PLC (kompyuta ya kuongoza mitambo), na karatasini mimi ni mtu mwenye cheo na tarehe.

Nikamfuata msimamizi wa karakana, mzee mmoja anakaribia kustaafu, nikamwambia baba, naomba uniandikie kila kitu ulichonituma kwa miaka 6. Alicheka, kisha akatoa daftari lake la matengenezo. Tulikaa Jumamosi mbili. Ikatoka barua ya kurasa mbili na nusu: aina ya mitambo, volti ngapi, mota ukubwa gani, programu gani ya PLC na toleo lake, vipimo gani nilikuwa nachukua na kwa kifaa gani, asilimia ngapi ya muda ilikuwa matengenezo ya kinga na ngapi ya dharura, nilikuwa nawasimamia watu wangapi. Meneja akasaini, muhuri, tukatafsiri, nikatuma.

Mapengo matano yakabaki mawili. Matokeo yalikuja "inalingana nusu" na hayo mawili yameandikwa kwa majina, mojawapo ni upimaji wa usalama kwa taratibu zao za DIN VDE. Mimi niliona nimefeli. Kumbe hiyo barua ya nusu ilikuwa na thamani kuliko vyeti vyangu vyote, maana sasa mwajiri anasoma kwa Kijerumani, kutoka ofisi anayoijua, kwamba huyu jamaa ni Elektroniker für Betriebstechnik amebakiza vitu viwili na vinafundishika kazini kwa miezi kadhaa.

Nikaanza kutuma tena Februari 2024. Safari hii maombi 31 tu. Nikaacha makampuni makubwa yenye majina, nikatafuta viwanda vidogo vya vijijini na miji midogo, watu 50 hadi 200, kwa sababu kule vijana wao wanakimbilia mijini na bosi anasoma barua mwenyewe. Kila barua iliandikwa kwa Kijerumani, ukurasa mmoja, aya ya kwanza inataja mtambo wao niliouona kwenye tovuti na kazi niliyowahi kufanya kwenye mtambo unaofanana, aya ya pili barua ya utambuzi na yale mapengo mawili bila kuficha, ya tatu lugha na lini naweza kuanza. PDF moja, siyo viambatanisho nane. Majibu ya watu halisi yalikuwa 6, usaili 3, ofa 1.

Usaili ulikuwa kwa video. Alikuwepo mama wa utumishi na meista, yaani fundi mkuu wa karakana. Yule meista hakuniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Aliniuliza sheria tano za usalama kabla ya kushika umeme, na hizi kila atakayeomba kazi ya umeme huku azijue kama sala: zima, zuia isiwashwe tena, hakikisha hakuna volti, ifanyie athi na ishoti, funika sehemu za jirani zenye umeme. Halafu akasema, mota inakata kila asubuhi ikiwashwa, mchana inafanya kazi vizuri, utafanyaje? Nikamwambia hilo limenitokea kweli, kwenye eleveta ya ndoo. Nilipima ampea za fezi zote tatu, zikawa juu lakini zote sawa, kwa hiyo sikugusa umeme kabisa, maana hitilafu ya umeme mara nyingi fezi zinatofautiana. Zikiwa sawa na juu, kuna mzigo. Tukafungua chini ya eleveta tukakuta vumbi la saruji limeganda na unyevu wa usiku, ndoo zinalima. Meista akageuka kwa yule mama akasema neno moja ambalo nilielewa, "gut". Kijerumani changu kilikuwa kibovu siku ile, nilichanganya vitenzi, lakini hiyo mota niliielezea mpaka mwisho.

Upande wa viza mwajiri ndo alibeba sehemu kubwa. Anajaza fomu ya maelezo ya ajira inayoitwa Erklärung zum Beschäftigungsverhältnis, mshahara, masaa, likizo, na shirika la ajira linaangalia kama hulipwi chini ya Mjerumani wa kazi hiyo hiyo. Wangu aliingia pia kwenye utaratibu wa haraka wa idara ya uhamiaji ya kwao, analipa euro 411, unapunguza sana kusubiri ubalozini. Mtajieni waajiri wenu, wengi wa vijijini hawaujui. Ada yangu ya viza ilikuwa euro 75. Nilitua Septemba 2024 nikiwa na viza ya kuja kukamilisha utambuzi, nikafanya miezi 9 ya mafunzo kazini ya yale mapengo mawili, sasa nina utambuzi kamili.

Pesa, maana mtauliza. Wakati wa mafunzo nilikuwa 2,900 kabla ya makato, sasa 3,500. Mkononi inabaki 2,300 na kidogo. Chumba na joto euro 620. Ukifika ukajiandikisha kwa serikali ya mtaa kuna sehemu ya dini kwenye fomu, ukijaza Mkatoliki au Mlutheri unakatwa kodi ya kanisa, huku kwetu ni asilimia 8 ya kodi yako ya mapato. Mimi nimejaza na nalipa kwa moyo, lakini jua kabla hujaandika.

Maswali wekeni hapa hapa siyo PM, yasaidie na wengine.

#2 Mdau wa Mwanza

Mkuu heshima kwako. Mimi nina cheti cha ufundi stadi cha VETA level III umeme wa majumbani, nipo mtaani miaka 8 najitegemea, sijawahi kuwa na mkataba wa mtu. Nimefunga hoteli mbili kubwa hapa na nyumba sihesabu. Nina nafasi au ndo nisahau?

#3 Mleta uzi

Usisahau kaka, ila njia yako inatofautiana na yangu. Kwanza ofisi yako siyo IHK FOSA, wewe ni Handwerkskammer, na fani yako kwao iko chini ya Elektroniker wa Energie- und Gebäudetechnik. Pili kuna mlango mwingine wa watu wenye uzoefu, hauhitaji utambuzi wa Ujerumani, ila unahitaji mafunzo yanayotambuliwa na serikali ya kwenu yasiyopungua miaka miwili na uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, na mshahara wa mkataba usiopungua kiwango cha mwaka husika, kwa 2025 kilikuwa euro 43,470 kwa mwaka. Kwa fundi mgeni hiyo hela siyo rahisi kupewa siku ya kwanza, ndo maana mimi nasema wewe pambana na utambuzi.

Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuthibitisha hiyo miaka 8. Leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji) ya ufungaji umeme unayo? Hiyo ni karatasi nzito, ina daraja lako. TIN na leseni ya biashara vinaonyesha ulikuwa unafanya kazi kweli tangu lini. Halafu wafuate wenye zile hoteli wakuandikie barua, na usikubali barua ya mistari mitatu. Kaa nao wewe mwenyewe, uwe na michoro na risiti.

#4 Mchangiaji

Ningeusoma huu uzi mwaka jana nisingelia. Nililipa milioni tatu na nusu kwa jamaa mmoja aliyesema ana kampuni ya kupeleka mafundi wa kuchomelea. Akanipa barua ya ofa nzuri ina nembo, tarehe ya kuanza na kila kitu. Niliuza pikipiki ambayo ndo ilikuwa inasomesha wadogo zangu. Namba yake haipatikani tangu Novemba. Naandika sio kwa kuomba huruma, naomba mleta uzi utuambie mtu anaitambuaje ofa ya kweli, kuna wengine sasa hivi wanauza vitu.

#5 Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu, imeniuma. Hiyo pikipiki ilikuwa mtaji wa familia.

Wakuu sikieni, ofa ina njia ya kuikagua na haikugharimu hata shilingi. Kampuni yoyote ya Kijerumani yenye tovuti inatakiwa iwe na ukurasa unaoitwa Impressum, una jina kamili la kampuni, anwani, msimamizi, na namba ya usajili. Chukua hiyo namba nenda handelsregister.de, tangu Agosti 2022 kutafuta mle ni bure, uone kama kampuni ipo na nani anaiongoza. Kisha piga simu namba iliyo kwenye Impressum, siyo iliyo kwenye barua ya ofa, uliza kama kuna mtu wa utumishi mwenye jina hilo. Dakika tano na salio la elfu mbili. Imeili ya ofa ikitoka kwenye jimeili ya kawaida, simama hapo hapo.

Na kubwa zaidi, hakuna mwajiri wa huku aliyenisaili alisema neno pesa isipokuwa mshahara wangu. Gharama zako halali ni lugha, utambuzi, tafsiri, viza na nauli, na kila moja unailipa wewe mwenyewe kwa ofisi inayohusika na unapewa risiti. Mtu akitaka umtumie yeye pesa zote kwa simu, huyo anakuibia.

Wewe wa kuchomelea usikate tamaa, fani yako ina kitu kizuri. Wachomeleaji wanapimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 9606-1, kwa chuma. Ukiwa na cheti hicho kilicho hai, na kinatakiwa kithibitishwe kwa sahihi kila miezi sita kwamba bado unachomelea, mwajiri anaelewa mara moja unaweza kuchomelea mkao gani na unene gani. Hicho kinaongea lugha yao bila mkalimani.

#6 Mdau kutoka Kenya

Sasa wadau. Huku kwetu baada ya ile makubaliano na Ujerumani kusainiwa Berlin rais akiwepo, Septemba 2024, watu walisema kuna kazi 250,000 zinangoja Wakenya. Binamu yangu akaacha kazi Athi River akingoja kuitwa. Mpaka leo anangoja. Hiyo namba ni ya kweli ama?

#7 Mleta uzi

Hapana ndugu. Makubaliano yapo kweli, lakini wizara yao ya mambo ya ndani ilitoka wakati ule ule ikasema hayana idadi yoyote ya kazi ndani yake na masharti ya kila mtu yanabaki yale yale ya sheria yao. Kinachosaidia ni ushirikiano kwenye taratibu na kutambuana vyeti. Mwambie binamu asingoje kuitwa, haiti mtu. Aanze A1 wiki hii, Nairobi kuna Goethe, na arudi Athi River kama bado wanamtaka maana kila mwezi anaokaa nyumbani ni mwezi wa uzoefu unaopotea kwenye barua yake.

#8 Mchangiaji

Mkuu vipi ile kadi ya pointi, Chancenkarte? Jamaa zangu wote wanaizungumzia, unaenda kwanza kazi unatafutia kule kule.

#9 Mleta uzi

Ipo tangu 1 Juni 2024. Unahitaji pointi 6 pamoja na lugha angalau Kijerumani A1 au Kiingereza B2, au uwe na utambuzi kamili moja kwa moja, na uonyeshe pesa ya kujikimu, kwa 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa kila mwezi utakaokaa. Mwaka mzima ni zaidi ya euro 13,000 zimekaa kwenye akaunti. Ukiwa huku unaruhusiwa kibarua cha masaa 20 kwa wiki na kazi ya majaribio mpaka wiki mbili kwa mwajiri.

Maoni yangu, na hapa tunaweza kutofautiana: kwa fundi wa A1 asiyekuwa na barua ya utambuzi naona ni hatari. Hiyo hela ni shamba la mtu au mkopo wa familia nzima, unakuja Januari giza saa 11 jioni, Kijerumani cha kuomba mkate, na mwajiri bado anakuuliza swali lile lile, NTA ni nini. Tatizo ulilonalo Tanga umelisafirisha tu. Mwenye B1 na utambuzi mkononi hiyo kadi itamfaa, lakini mtu huyo mara nyingi anapata ofa akiwa nyumbani.

#10 Dada wa IT

Mnaongelea umeme tu, sisi wa programu je? Sina digrii, nina diploma na miaka 5 naandika mifumo. Na kaka yangu ni fundi mitambo ana miaka 47, kuna kikomo cha umri?

#11 Mleta uzi

Dada wewe una njia laini kuliko sisi. Watu wa IT wanaweza kupata Blue Card (kibali cha kazi cha wataalamu) bila digrii, wakionyesha uzoefu wa miaka mitatu ndani ya saba iliyopita wa kiwango cha kitaalamu, na ofa yenye mshahara usiopungua kiwango cha mwaka husika, kwa 2025 kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka. Lakini neno ni lile lile, barua za wateja na waajiri zieleze ulijenga nini, lugha gani ya programu, watumiaji wangapi.

Kaka yako hana kikomo cha umri, ila akishavuka 45 na ni mara yake ya kwanza kuja kwa kazi, mkataba wake unatakiwa ufike kiwango cha mwaka husika, kwa 2025 kilikuwa euro 53,130 kwa mwaka, au aonyeshe ana pensheni ya kutosha ya uzeeni. Kwa fundi mitambo mwenye uzoefu mkubwa haiko mbali sana, lakini asije akashangaa mwishoni. Walio na 42, 43 humu ndani, msikae.

#12 Mdau wa Mwanza

Mleta uzi nimerudi, zimepita wiki tatu. Leseni ya EWURA ninayo, nilikuwa nimeiweka kabatini. Mwenye hoteli moja amekubali kuniandikia. Alichoandika ni hiki: "Fundi huyu alifanya kazi zote za umeme katika hoteli yetu kwa uaminifu na ubora wa hali ya juu mwaka 2019 hadi 2021." Nimpelekee asaini?

#13 Mleta uzi

Hongera kaka, na mshukuru sana huyo mzee. Ila asisaini hiyo bado. "Kazi zote za umeme" futa. Uaminifu uache mwishoni. Weka hoteli ina ghorofa ngapi na vyumba vingapi. Weka bodi kuu ni ya ampea ngapi, fezi tatu, na bodi ndogo ngapi ulizifunga wewe. Athi uliipima kwa kifaa gani na ulipata omu ngapi, kama bado unayo karatasi. Jenereta ya ukubwa gani na swichi ya kubadilishia ni ya mkono au ya yenyewe. Ulikuwa na vijana wangapi chini yako. Tarehe weka mwezi na mwaka, siyo mwaka peke yake.

Ukishajaza iweke hapa, ufunike jina la hoteli na la mzee, nitaipitia Jumapili nikitoka shifti.

#14 Mdau wa Mwanza

Omu zilikuwa 1.8, nimekuta daftari. Swichi ni ya mkono, jenereta KVA 100. Naenda kwake kesho asubuhi kuhesabu bodi upya.